Mwenye nyumba anauza, dalali anatusukuma: tununue au tusubiri?

Shikamoo mama,

Nakuandikia kutoka Windsor, Ontario, hapa tunapotazamana na Detroit, mto tu katikati. Mimi ni mama wa watoto wanne. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu, tukaletwa Kanada mwaka 2017. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, huu ni mwaka wa sita. Bwana yangu yuko kwenye kiwanda kidogo cha vipuri vinavyopelekwa kiwanda kikubwa cha magari.

Tumepanga ghorofa ya juu, vyumba viwili, upande wa magharibi karibu na chuo kikuu. Kodi ni dola 1,750 kwa mwezi. Mwenye nyumba anakaa Toronto, tumemwona uso mara mbili tu. Mwezi uliopita alipiga simu akasema anauza. Muda wa mkopo wake unaisha na benki inataka alipe zaidi, kwa hiyo tutafute pa kwenda, anatupa siku 60. Karatasi hakuleta.

Tangu siku ile usingizi umeniisha. Tuna akiba ya 38,000, na ndani yake 12,000 ni likirimba ya kina mama wa kanisani, zamu yangu ilifika wiki tatu zilizopita. Muumini mwenzetu ambaye ni dalali alitupeleka kuona nyumba Forest Glade: vyumba vitatu, besimenti imemalizwa vizuri, nyuma kuna uwanja watoto wakimbie. Imetangazwa 399,900. Ofa zinafunguliwa Jumatatu saa 12 jioni. Anasema tuandike 449,000 bila sharti lolote, vinginevyo tutapitwa.

Shida ni kazi ya bwana yangu. Tangu ushuru wa Marekani uanze amesimamishwa mara mbili. Amerudi, lakini wanamwita siku tatu kwa wiki. Wiki zikijaa anapata 58,000 kwa mwaka, mimi 48,000 kabla ya makato. Mtu wa mikopo aliyeletwa na dalali amesema barua ya kazi "itarekebishwa" isomeke saa 40, eti kila mtu anafanya. Shemeji yangu atatukopesha 8,000, ila tuandike kwamba ni zawadi.

Bwana yangu anasema wenzetu walionunua 2018 leo wana mali, sisi tunamlipia mtu wa Toronto nyumba yake. Bei zimeshuka, riba imeshuka, tukikosa hii basi tena. Mimi naogopa. Na jambo lingine: dalali alituuliza kama hii ni nyumba yetu ya kwanza, tukasema ndiyo. Lakini nyumba ya marehemu baba mkwe kule Uvira ina jina la bwana yangu na ndugu zake. Hiyo inahesabiwa?

Nijibu kabla ya Jumatatu, mama.

Mama wa Wanne, Windsor

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo wa Toronto, kwa sababu siku 60 zake ndizo zinazokununulia nyumba. Simu yake haina nguvu ya kumtoa hata paka. Hapa Ontario nyumba ikiuzwa mpangaji hahami kwa sababu hiyo. Anayebadilika ni mwenye nyumba, ninyi mnabaki na mkataba uleule na kodi ileile. Akitaka muondoke kwa ajili ya mauzo, lazima kwanza awe na mnunuzi, mkataba wa mauzo uwe umesainiwa, na mnunuzi huyo awe anataka kuishi humo yeye au familia yake ya karibu. Hapo atawaletea fomu iitwayo N12, ya siku 60 zinazokwenda kuishia mwisho wa mwezi wa kodi, na atawalipa kodi ya mwezi mmoja. Hata akiileta, anayeweza kuamuru mtoke ni Bodi ya Wenye Nyumba na Wapangaji, si yeye. Huenda akaja na fomu nyingine, N11, ya kukubali kutoka kwa hiari. Hiyo msiisaini hata akileta na keki.

Kwa hiyo muda mnao. Sasa tuzungumze kuhusu soko, kwa utulivu.

Bwana yako hakosei kuhusu wale wa 2018, ila anasimulia nusu ya hadithi. Mimi nimeuona mji huu tangu 1994, na miaka kumi na mitatu nilikaa kwenye ofisi ya mikopo ya nyumba nikipanga mafaili ya watu. Mwaka 2009, viwanda vya magari vilipotikisika na ukosefu wa kazi ukapita asilimia 13, nyumba za Windsor zilikuwa kama mitumba ya mwisho wa siku: chukua, toa ulichonacho. Hadi 2015 wastani wa bei Windsor na wilaya ya Essex ulikuwa kama dola 200,000. Kisha ikaja 2020. Benki Kuu ikashusha riba yake hadi asilimia 0.25, watu wa Toronto wakaanza kufanyia kazi nyumbani, wakatazama ramani wakaona kwa bei ya kijumba chao watapata jumba huku kwetu. Wengine walinunua kwa picha za simu bila kukanyaga. Mwanzoni mwa 2022 wastani ukavuka 700,000.

Angalia kitu kimoja ambacho madalali hawapendi kukitaja. Julai 2020, katikati ya mbio hizo, kiwanda kikubwa kiliondoa shifti ya tatu na watu wapatao 1,500 wakakosa kazi. Bei za nyumba hazikushtuka, zikaendelea kupanda. Maana yake mshahara wa Windsor haukuwa unapandisha bei. Zilikuwa pesa za ugenini. Machi 2022 Benki Kuu ikaanza kupandisha riba, Julai 2023 ikafika asilimia 5, na pesa za ugenini zikarudi kwao. Wastani umeteremka chini ya 600,000. Kuanzia Juni 2024 riba ilishushwa tena, Oktoba 2025 ikafika 2.25, na bado bei hazijaruka. Kwa nini? Kwa sababu sasa soko limerudi kumtazama mtu wa hapa, na mtu wa hapa anatengeneza magari. Aprili 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa magari yanayoingia, kiwanda kikafungwa wiki mbili, na kufikia katikati ya mwaka ukosefu wa kazi hapa ulikuwa umepita asilimia 10, miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini.

Ndiyo maana nakwambia: "bei zimeshuka" na "bwana yangu anaitwa siku tatu" ni habari moja. Punguzo mnaloliona Forest Glade limetoka mfukoni mwa watu kama yeye.

Hata huyo mwenye nyumba wenu yumo humo humo. Kwa ninavyomdhani, alinunua 2021 kwa riba ya karibu asilimia 2, mkopo wa miaka mitano, akitegemea wanafunzi wa kigeni wajaze vyumba. Mwaka 2024 serikali ikaweka kikomo cha vibali vya wanafunzi, vyumba karibu na chuo vikabaki wazi. Mkopo ukija kuhuishwa riba ni kama mara mbili, na kodi yenu hawezi kuipandisha anavyotaka: kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa asilimia 2.5, cha 2026 ni 2.1, isipokuwa jengo lilianza kukaliwa baada ya 15 Novemba 2018. Basi anauza. Na wenzake wengi wanauza, ndiyo maana vibao vimejaa mitaani kuliko ile miaka ya fujo.

Dalali atawaambia pia kuhusu kiwanda cha betri kilichotangazwa 2022 na daraja jipya la Gordie Howe la kuvukia Detroit. Yote mawili ni mambo makubwa, siyabezi. Lakini daraja halilipi mkopo wa Januari.

Sasa hiyo bei ya 399,900. Mwanangu, hiyo si bei, ni chambo. Mchezo wa hapa ni huu: mwenye mali anataka, tuseme, 455,000. Anatangaza chini ili watu waje wengi, anaweka siku ya ofa, anasubiri wagombane. Mwaka 2021 walikuwa wanagombana kweli, ofa ishirini kwa nyumba moja. Siku hizi mara nyingi Jumatatu inafika ofa ni mbili, au hakuna. Ukitaka kuijua bei halisi ya muuzaji, ngoja Jumatano: nyumba ambayo haikuuzwa itaondolewa sokoni na kurudishwa ikiwa na namba nyingine, na hiyo namba ndiyo aliyokuwa nayo kichwani. Hapo unakaa naye mezani kama watu wazima, na masharti yako mkononi.

Maana kuandika ofa "bila sharti" kwa hali yenu ni kucheza na moto. Sharti la mkopo linasema: benki ikinikatalia, narudishiwa arubuni yangu. Ukiliondoa, na benki ikapiga simu kiwandani siku chache kabla ya kukabidhiwa funguo (hupiga, nilikuwa naisikia kila wiki) ikaambiwa amesimamishwa tena, mkopo unafutwa. Arubuni inakwenda. Na muuzaji akiuza kwa mwingine kwa bei ya chini, anaweza kuwashtaki mumlipe tofauti. Sharti la ukaguzi nalo usiliache, hasa kwa besimenti "iliyomalizwa vizuri." Septemba 2016 na Agosti 2017 mvua iliujaza mji huu maji ya mifereji hadi kwenye besimenti, upande wa mashariki ukiwemo. Ukuta mpya uliopakwa rangi ni mzuri kwa macho. Muulize muuzaji kama kuna vali ya kuzuia maji ya mfereji yasirudi na pampu ya shimoni, na upigie simu kampuni ya bima kabla ya kusaini ujue kama wataikatia bima ya maji ya mfereji na kwa kiasi gani.

Hesabu nimekufanyia, dola za Kanada zote. Kwa 449,000, malipo ya awali ya asilimia 5 ni 22,450. Kwa kuwa ni chini ya asilimia 20, mtalazimika kuukatia mkopo bima, asilimia 4 ya mkopo, ukiongeza 0.2 kwa wanaonunua mara ya kwanza wakachukua miaka 30. Hiyo ni kama 17,900 inayoingizwa ndani ya mkopo, na kodi yake ya mauzo, kama 1,430, hutolewa taslimu siku ya kufunga. Wakili na ukaguzi, weka 2,600. Halafu kuna kodi ya jimbo ya kuhamisha umiliki, 5,455. Wanunuzi wa mara ya kwanza hurudishiwa hadi 4,000.

Na hapo ndipo Uvira inapoingia. Sheria ya Ontario kuhusu marejesho hayo inasema usiwe umewahi kumiliki nyumba, wala sehemu ya nyumba, popote duniani. Urithi unahesabiwa. Na mwenzi wako asiwe amemiliki akiwa mwenzi wako. Kwa hiyo kwa hayo marejesho jibu lenu la "ndiyo" si sahihi, hata wewe mwenyewe ambaye hukurithi hata tofali. Mweleze wakili ukweli mapema. Watu wetu wengi wanateleza hapa, wanadhani nyumba ya Uvira au ya Kigoma haionekani kutoka Kanada. Habari njema ni kwamba miaka 30 ya mkopo ina kipimo kingine. Huko wanaangalia kama mmoja wenu hajaishi kwenye nyumba yenu wenyewe miaka minne iliyopita, na ninyi mmepanga tangu 2017.

Bila hayo marejesho mnatoa karibu 32,000 mlangoni. Zinabaki 6,000, na bado hujanunua hata mashine ya kukatia majani. Kila mwezi, kwa riba ya asilimia 4, mkopo ni kama 2,110. Kodi ya Manispaa, bima, maji, gesi na umeme, weka 800 hadi 900. Jumla inakaribia 3,000. Mshahara wako mkononi, nikikisia, ni 3,150 hivi. Yaani mwezi ambao bwana yako amesimamishwa, wewe unaogesha wazee mwezi mzima kwa ajili ya kuta. Bima ya ajira italeta asilimia 55 ya mshahara wake, na ina mwisho.

Kwa nyumba ya 360,000 mkopo unashuka kuwa kama 1,690. Hizo 420 za tofauti ndizo chakula cha watoto wanne. Nyumba za bei hiyo zipo, ndogo, za zamani, pande za Remington Park na katikati ya mji. Hazina besimenti ya kupigia picha. Zile za zamani kabisa mkaguzi aangalie nyaya za umeme, maana makampuni ya bima huzikataa nyaya za mtindo wa kale. Aulize pia kama tenki la maji moto ni la kukodi, kwa sababu huo mkataba unaurithi pamoja na nyumba. Na kodi ya Manispaa omba uone bili yenyewe. Ontario bado inatumia thamani za tarehe 1 Januari 2016, usikisie kutoka bei ya leo.

Barua ya kazi ya kurekebishwa. Hapa sitapunguza ukali. Barua hiyo ni uongo wenye sahihi yenu. Udanganyifu unaozidi dola 5,000 una kifungo cha hadi miaka 14, na kwa mtu ambaye bado ni mkaazi wa kudumu, hajala kiapo cha uraia, kutiwa hatiani kwa kosa la uzito huo kunaweza kumfukuzisha nchini. Hukutoka Nyarugusu kuja kupoteza hati zako kwa ajili ya uwanja wa nyuma. Huyo mtu wa mikopo analipwa mkopo ukipita. Ukija kuanguka, hutamwona. Achana naye leo, na dalali aliyemleta mwangalie kwa jicho la pili, hata kama mnakaa benchi moja kanisani.

Na 8,000 za shemeji ni hivyohivyo. Barua ya zawadi ina mstari unaosema pesa hizi hazitarudishwa. Kama mtazirudisha, ni deni, liandikwe deni au lisichukuliwe kabisa. Msiziguse.

Likirimba yako, sisi wa Tanga twaiita upatu, ni halali na nakupongeza. Ila benki inataka kuona pesa ya malipo ya awali ilikotoka kwa siku 90. Kiasi kikubwa kilichoingia wiki tatu zilizopita kitaulizwa. Ziache zikae kwenye akaunti, mwombe mweka hazina aandike barua yenye orodha ya michango yako na tarehe ulizochangia. Wakati zinakaa, nenda ukafungue akaunti ya nyumba ya kwanza, FHSA, kwa jina lako. Unaweza kuweka 8,000 kwa mwaka, zinapunguza kodi yako ya mapato, na ukinunua nyumba unazitoa bila kukatwa. Nyumba ya Uvira haikuzuii huko, kwa kuwa wanachoangalia ni nyumba uliyokaa.

Mimi nisingeandika ofa Jumatatu. Ningengoja hadi bwana yako apate barua ya kazi ya kweli, hapo kiwandani au kwingine, na akiba ifike mahali ambapo baada ya kufunga nyumba zinabaki si chini ya 12,000. Inaweza kuwa miezi minane, inaweza kuwa mwaka na nusu. Je, bei zitapanda katikati? Zinaweza, kidogo. Nikipima hilo dhidi ya kupoteza arubuni, najua nitakalochagua. Bwana yako msomeshe barua hii mwenyewe, asione kwamba tumemsema nyuma ya mlango. Anataka kuwapa watoto paa na hilo halina kosa.

Kwa huyo wa Toronto, mwandikie ujumbe mfupi, kwa maandishi, kwamba mtaendelea kulipa kodi kwa tarehe na mnasubiri fomu rasmi. Risiti zote uzitunze.

Jumatatu saa 12 jioni, ofa zinapofunguliwa, wewe bandika sombe jikoni. Jumatano asubuhi ukitoka zamu, tazama kwenye simu kama ile nyumba imerudi, na imerudi kwa bei gani. Niandikie uniambie, nami nina hamu ya kujua.